Kumtunza Kobe Atakayenizika

Kobe dume wa Aldabra akishakomaa anaweza kufikia kilo 250 na kuishi zaidi ya miaka 100, kwa hiyo mtu anayeajiriwa ujanani kumtunza hustaafu akamwacha palepale, akila majani yaleyale, na gamba lake likiwa limeongezeka kidogo tu. Nimeifanya kazi hiyo katika kisiwa cha Changuu, mwendo wa kama nusu saa kwa boti kutoka Forodhani mjini Zanzibar, na karibu kila nilichojifunza huko kimetokana na tofauti hiyo ya umri baina ya mtunzaji na anayetunzwa. Anayelisha simba au tumbili huyaona matokeo ya kazi yake ndani ya siku chache, kwa sababu mnyama wa namna hiyo akiugua hunyong'onyea, akiwa na njaa hupiga kelele, na akikasirika hakufichi. Mtunza kobe huyaona leo matokeo ya kazi ya waliomtangulia, na yale anayoyafanya yeye, mema kwa mabaya, mengi yatakuja kuonekana wakati funguo za boma zimekwisha kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kobe hawa si wenyeji wa Zanzibar. Asili yao ni Aldabra, visiwa vya matumbawe vilivyo katika nchi ya Shelisheli, ambako hadi leo wanaishi maporini kwa makumi ya maelfu, na mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli aliwaleta wanne Changuu kuwa zawadi. Wakati huo Changuu kilikuwa kisiwa cha karantini. Jela iliyojengwa pale katika miaka ya 1890, ambayo ndiyo inayowafanya wageni wakiite kisiwa hicho Prison Island mpaka sasa, haikupata kufungwa wafungwa, na kisiwa kikatumika kuwaweka abiria waliohofiwa kuwa na homa ya manjano kabla hawajaruhusiwa kuendelea na safari. Kobe wale wanne walizaana vizuri hata kufikia mwaka 1955 wakawa kiasi cha 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa ajili ya nyama na wengine kwa kuwauza nchi za nje ambako kobe hufugwa majumbani, na hesabu ikaporomoka: mwaka 1988 walikuwa kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walibaki 7. Mwaka huohuo vililetwa vitoto 80 ili kuliinua kundi, na 40 kati ya hivyo vikatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kutetea wanyama lililojulikana wakati huo kwa jina la WSPA, ilipojenga boma kubwa la kuwalinda, na kufikia mwaka 2000 wakahesabiwa kobe wakubwa 17, wa makamo 50 na vitoto 90.

Nimezitaja hesabu hizi kwa urefu kwa sababu naamini kila anayeingia kazini pale anapaswa kuzijua kwa moyo kabla hajapewa ndoo ya majani. Kutoka kobe 4 hadi 200 ilichukua miaka 36. Kutoka 100 hadi 7 ilichukua miaka 8. Mnyama ambaye hana haraka katika jambo lolote, kuanzia kutembea mpaka kuzaa, hawezi kuifidia hasara inayofanywa na mtu mwenye mfuko wa plastiki na boti ya injini usiku mmoja.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ameiona miaka hiyo ya wizi kwa macho yake. Hatukuwa na udugu wa damu, lakini nilimwita ami, kama nilivyowaita wazee wote wa mtaani kwetu waliokuwa wa rika la baba yangu, naye aliniita mwanangu hata pale aliponigombeza. Ami hakuwa na hofu sana juu ya kobe wakubwa. Alikuwa akisema kwamba kobe wa kilo 200 anajilinda kwa uzito wake, maana hata wanaume wanne wenye nguvu humwinua kwa shida na hawawezi kwenda naye mbali bila kusikika. Hofu yake ilikuwa kwa vitoto, ambavyo vikitoka yaini huenea kiganjani na vinaweza kupitishwa bandarini ndani ya soksi. Biashara yao ya nje inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unawataka wanaowasafirisha wawe na kibali, lakini kibali kinamzuia mtu mwaminifu tu, na yule asiye mwaminifu huzuiwa na kufuli na hesabu.

Hesabu ya vitoto ilifanyika asubuhi kabla boti ya kwanza ya wageni haijafika, na jioni baada ya ya mwisho kuondoka. Haikuwa hesabu ya kusimama nje ya wavu na kunyoosha kidole. Vitoto vya kobe hupenda kujichimbia chini ya majani makavu, hujibana nyuma ya mawe, hupandana, na viwili vikikaa pamoja kwenye kivuli huonekana kimoja. Ami aliligawa banda sehemu mbili kwa ubao, akawa anakiinua kila kitoto kwa mkono, anakigeuza kidogo kulitazama gamba la chini na kitovu kama kimefunga, kisha anakihamishia upande wa pili huku akitaja namba kwa sauti, nami naandika. Kazi hiyo ilichukua muda, hasa siku za mvua za vuli ambapo vitoto vipya vilikuwa vingi. Niliwahi kumuuliza kwa nini hatuhesabu kwa macho siku ambazo mlinzi amelala palepale mlangoni. Akanijibu, "Mwanangu, macho huhesabu unachokitaka, mkono huhesabu kilichopo." Baadaye niliona kwamba faida ya pili ya utaratibu ule ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza: kwa kuwa kila kitoto kilishikwa mara mbili kwa siku, chenye macho yaliyovimba, chenye gamba laini kupita kiasi au chenye mguu uliojeruhiwa kilijulikana mapema, wakati bado dawa inaweza kusaidia.

Wezi hawakuwa watu peke yao. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, ambao waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha taka na sasa ni kero, hutua juu ya banda na kuchungulia kwa subira ya ajabu, na kitoto kisichofunikwa kwa wavu hakimalizi asubuhi. Panya nao hutafuna kingo za magamba usiku. Wavu wa banda la vitoto lazima uwe wa matundu madogo, upite juu kama dari na ushuke chini ya udongo, na kila mwaka ukaguliwe, kwa maana upepo wa bahari huila waya kwa kutu kabla hujatambua.

Kuhusu chakula cha vitoto, hapa ndipo huruma ya watu inapofanya madhara kuliko ukatili wao. Mgeni akikiona kitoto cha kobe hutamani kukipa ndizi, mkate, chapati aliyofungiwa na hoteli, hata kipande cha samaki, na kitoto nacho hula, kwa sababu kobe hakatai tamu. Lakini kobe mdogo anayelishwa vyakula vizito na kukaa mahali pakavu mno hukua haraka kuliko mwili wake ulivyopangiwa, na kila kipande cha gamba lake huinuka kikawa kama kichuguu badala ya kutandazika. Umbo hilo halirudi nyuma. Ukimwona kobe wa makamo mwenye mgongo wa vichuguu, ujue kwamba zamani, labda kabla wewe hujaanza kazi, alikuwapo mtu aliyempenda kupita kiasi. Sisi tulivilisha vitoto ukoka na nyasi nyingine, majani ya forosadi, mchicha kidogo, na unga wa maganda ya mayai ulionyunyizwa juu kwa ajili ya mifupa, na tukaviogesha kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu. Wageni waliona tunavinyima. Sikuwahi kumlaumu mgeni aliyeona hivyo, ila pia sikuwahi kumfungulia mlango.

Kobe wakubwa ni elimu nyingine. Mnyama huyu anaweza kukaa muda mrefu bila kula na asidhurike, kwa hiyo kule kukataa chakula siku moja au mbili, jambo ambalo kwa mbuzi lingekufanya umkimbilie daktari wa mifugo, kwake halikwambii lolote. Inambidi mtunzaji ajifunze dalili nyingine, nazo ni ndogondogo. Ni upande gani wa boma anapopendelea kulala, na je, amehama? Anaponyanyuka, anainua gamba lote juu ya ardhi au analiburuta? Kinyesi chake kina nyuzi za majani au ni maji matupu, kama kinavyokuwa wageni wanapomlisha maembe msimu wa kiangazi? Pua yake ni kavu? Hilo la pua liliwatatiza vijana wengi wapya, kwa kuwa kobe wa Aldabra ana uwezo wa kunywa maji kwa kupitia puani, akiinamia kidimbwi kifupi cha maji ya mvua ambacho mdomo haukifikii vizuri, na kisha akainua kichwa huku maji yakimchuruzika. Kijana akimwona hivyo hukimbia kusema kobe ana mafua. Mafua ya kweli ni povu linalotoka puani siku ambayo hakuna dimbwi popote, na mara nyingi huja wakati wa kipupwe, pamoja na kufungua mdomo ili apate pumzi.

Namna bora ya kumkagua kobe mkubwa si kumgeuza. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongoni, na akilazwa chali viungo vingine vyote huyaelemea, kwa hiyo kumwacha hivyo kwa muda ni kumhatarisha. Ami alinionyesha njia nyingine. Unachuchumaa upande wake, si mbele ya uso wake, unaweka vidole chini ya shingo pale ngozi inapokutana na gamba, na unasugua taratibu, bila kukwaruza. Mwanzo hafanyi kitu. Halafu shingo huanza kutoka, inanyooka, inapanda juu kuliko unavyodhani inaweza, miguu minne inakakamaa kama nguzo na mwili wote unainuka kutoka ardhini, macho yakiwa nusu wazi. Anabaki hivyo dakika moja, pengine zaidi. Katika dakika hiyo unatakiwa uwe umekwisha kutazama kwapa zote mbili na mapaja, ambako kupe hujificha na vidonda huanza, gamba la tumbo kama lina mpasuko, na kucha kama zimelika upande mmoja, kwa kuwa kucha zilizolika upande mmoja ni ishara ya mguu unaouma. Daktari wa mifugo anaweza hata kuchukua damu wakati huo na kobe asishtuke. Wageni hupenda kumsugua shingo kwa sababu wanaona anafurahi, na sina shaka kwamba hali hiyo haimchukizi, lakini kwangu mimi ile dakika ilikuwa zahanati.

Adhuhuri kobe wote hulala kivulini, na hapo ndipo malalamiko huja. "Mbona hawatembei? Hawa wamekufa?" Nimeulizwa hivyo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa ishara za mikono. Kobe mkubwa asiye na kivuli wakati wa jua la utosi anaweza kufa kwa joto, kwa maana mwili wake hupata moto ndani ya gamba na hana mbio za kuukimbia, na huko Aldabra kwenyewe wanaochelewa kufika chini ya mti hukutwa wamekufa juani. Kupanda miti bomani na kuilinda isitafunwe ni sehemu ya kutunza kobe sawasawa na kukata majani. Yule anayetaka kuwaona wakitembea aje asubuhi mapema au alasiri, na akija alasiri msimu wa kupandana atamsikia dume akitoa mngurumo unaosikika mpaka ufukweni, jambo ambalo huwafanya walimu wanaoleta wanafunzi wabadilishe mazungumzo ghafla.

Nilitarajia kuwa kazi hii ingenikutanisha na wanyama, ikanikutanisha zaidi na watu. Watu wazima wenye akili zao humkalia kobe ili wapigwe picha, wakiamini kwamba gamba ni kitu kama jiwe. Gamba ni mfupa ulio hai: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, lina mishipa ya damu na ya fahamu, na ukiligusa kwa kidole kobe hujua umemgusa wapi. Nilijifunza kwamba kufoka hakusaidii. Siku moja alikuja mzee wa heshima na wajukuu zake kutoka ng'ambo ya bahari, na mmoja wa watoto alikuwa amekwisha kupandishwa mgongoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia kwamba huyo aliyekaliwa pengine ni mkubwa kuliko sisi wote tuliopo pale, nikamwomba amshushe mjukuu ili tumwamkie pamoja. Akacheka, akamshusha, akamlazimisha mtoto aseme shikamoo kwa kobe. Tangu siku hiyo niliitumia njia hiyo mara kwa mara, kwa kuwa kwetu heshima ya umri haina haja ya kuelezwa. Kwa wageni wa mbali nilitumia habari ya mbavu na uti wa mgongo, nayo ilifanya kazi.

Jambo jingine ambalo halimo katika vibao vya maelezo ni kwamba kobe wanaona rangi na wanavutiwa na nyekundu na manjano, ambazo maporini ndizo rangi za maua na matunda. Mwanamke aliyevaa kandambili huku amepaka rangi nyekundu kwenye kucha za miguu anapaswa kuonywa langoni, maana kobe atamfuata kwa azma ambayo hakuidhania na kuzijaribu kucha hizo kwa mdomo. Hana meno, ila kingo za mdomo wake hukata majani magumu kwa urahisi, na kidole cha mguu si kigumu zaidi. Kwa sababu hiyohiyo vifuniko vya chupa na vipande vya mifuko ya rangi lazima viokotwe kabla ya kobe kuamka.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni umri. Namba zimepakwa kwa rangi juu ya magamba, na mgeni akisoma namba kubwa huipiga picha na kwenda zake akiwa ameridhika. Namba hizo ni makadirio. Miviringo iliyo juu ya vipande vya gamba, ambayo watu hudhani inasomeka moja kwa kila mwaka, huweza kuwa zaidi ya mmoja kwa mwaka kulingana na chakula na mvua, na kwa kobe mzee huwa imesuguliwa ikafutika. Umri wa kweli wa kobe huthibitishwa na maandishi au picha. Jonathan, kobe wa kisiwa cha Saint Helena katika bahari ya Atlantiki, anakadiriwa kuanguliwa mwaka 1832 kwa sababu ipo kumbukumbu kwamba alifikishwa huko mwaka 1882 akiwa tayari amekomaa, na ipo picha ya zamani inayomwonyesha akila majani akiwa na umbo la kobe aliyekomaa. Adwaita, aliyekufa mwaka 2006 katika bustani ya wanyama ya Alipore mjini Kolkata, alisemwa kuwa na miaka 255, lakini hati za kulithibitisha hilo hazikukamilika, na pengine alikuwa mkubwa kuliko Jonathan na pengine hakuwa.

Habari ya Jonathan inanivutia kwa sababu nyingine, ambayo ni ya kikazi. Alipozeeka alipofuka kwa mtoto wa jicho na kupoteza uwezo wa kunusa, akawa anauma udongo na matawi akidhani ni majani, na mdomo wake ukawa butu na wenye kumong'onyoka. Daktari wa mifugo Joe Hollins akaanza kumlisha kwa mkono matunda na mboga, na baada ya muda mdomo ukarudi kuwa mkali na mwili ukapata nguvu. Miaka mingi kisiwa kizima kilidhani ni uzee tu, kumbe ilikuwa lishe. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda kuwatazama wazee wetu mdomoni mmoja mmoja, na tangu hapo hali ya mdomo ikapata safu yake katika daftari.

Daftari ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi wetu mdogo na ami. Yeye aliwajua kobe wote kwa sura, kwa mwendo na kwa tabia, na hakuona sababu ya kuandika anachokijua. Vitoto aliviandikisha kwa sababu ya wezi tu. Kuhusu wakubwa alikuwa akisema, "Niulize mimi." Nilimuuliza, na nikaandika nyuma yake. Kulikuwa na jike mmoja ambaye kila mwaka, kipupwe kinapoanza, alikuwa akihamia pembe ya boma iliyo karibu na ukuta wa matumbawe. Msimu mmoja hakuhama. Alikuwa akila kama kawaida, akinywa, akitembea, na kijana wa zamu hakuona kasoro yoyote, kwa kuwa kweli haikuonekana. Kitu pekee kilichokuwa tofauti ni mstari mmoja katika ukurasa wa mwaka uliotangulia na wa mwaka wa kabla yake, kwamba wakati huo alikuwa pembeni akichimba. Ami alipousikiliza mstari huo alinyamaza, akaenda kuichunguza ile pembe, akakuta kifusi cha ukarabati wa ukuta kimemwagwa juu ya udongo laini aliouzoea. Jike anayebeba mayai asipopata pa kuchimba anaweza kuyazuia tumboni mpaka yakamdhuru. Kifusi kiliondolewa siku hiyohiyo na udongo ukalainishwa kwa maji, na baada ya siku chache tulimkuta asubuhi amechoka, miguu ya nyuma imejaa matope, na ardhi imefukiwa na kusawazishwa vizuri. Ami hakusema lolote kuhusu daftari, ila jioni ile alikaa nami akaanza kutaja, kobe baada ya kobe, aliyoyajua, nami nikaandika hadi taa ya boti ikatuita.

Alipostaafu aliniachia kurasa hizo, na nimekuta ndani yake mambo ambayo hakuna kipimo kingeniambia: dume gani asiwekwe karibu na dume gani, nani aliwahi kuvunjika gamba na kwa hiyo asitazamwe kama mgonjwa mpya, nani huogopa ngazi ya chuma.

Watu wengi wa pwani wanaikumbuka habari ya Haller Park ya Mombasa, ambako mwishoni mwa mwaka 2004 kiboko mdogo aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami alijiambatanisha na kobe mzee wa Aldabra aliyeitwa Mzee. Kiboko aliitwa Owen. Picha zao zilizunguka dunia, na zinastahili, lakini sisi tuliokuwa kazini tuliziangalia kwa jicho la wasiwasi, kwa kuwa kiboko hukua kwa mwaka mmoja kiasi ambacho kobe hakui kwa miaka kumi, na mchezo ambao mwanzo ni wa kitoto baadaye unaweza kuvunja gamba. Watunzaji wa huko walikuja kuwatenganisha, Owen akakutanishwa na kiboko jike aitwaye Cleo. Nafikiri huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko ule wa kuwaacha pamoja, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inaupenda urafiki wao na hakuna aliyewahi kusafiri kwenda kuutazama utengano.

Siku hizi mimi nakwenda kisiwani kama mgeni wa wenyeji wangu, na kazi inafanywa na vijana, mmoja wao binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Anachokishughulikia sasa ni mayai. Jike huchimba kwa miguu ya nyuma, mara nyingi usiku, akiulainisha udongo kwa mkojo, na hutaga mayai ya mviringo yanayokaribia ukubwa wa mpira wa tenisi, kisha huyafukia na kuondoka bila kurudi. Joto la udongo ndilo linaloamua kama kitoto kitakuwa jike au dume: udongo wenye joto zaidi hutoa majike, wenye ubaridi hutoa madume. Viota vingi bomani viko sehemu zinazopigwa na jua, na miti kadhaa ya upande huo imekufa, kwa hiyo huenda kwa miaka mingi tumekuwa tukiangua majike kwa wingi bila kujua. Kujua si rahisi, maana tofauti za dume na jike, yaani urefu wa mkia na mbonyeo wa gamba la tumbo, hazionekani vizuri mpaka kobe akaribie kukomaa, na hilo huchukua miaka 20 au zaidi.

Kwa sababu hiyo msimu uliopita viota viwili vilifukiwa vipimajoto, kimoja juani na kingine chini ya mti, na joto linaandikwa asubuhi, adhuhuri na usiku. Vitoto vya kila kiota vinawekwa banda lake visichanganyike. Tusichokubaliana bado ni alama. Rangi juu ya gamba la kitoto hufutika kwa kuwa gamba linakua, na binti anataka vitambulisho vidogo vya kielektroniki vinavyodungwa chini ya ngozi na kusomwa kwa mashine. Mimi nasema mashine hiyo itaharibika kabla kobe hajafikisha miaka 10, na kwamba mishono ya gamba la tumbo haifanani kwa kobe wawili, kwa hiyo picha iliyochapishwa na kubandikwa daftarini inatosha. Yeye ananijibu kwa adabu, "Mzee, karatasi nayo huliwa na mchwa," na hapo ana haki. Kwa sasa wanapiga picha, nakala moja inabaki kisiwani na nyingine inapelekwa mjini, na ombi la kununua vitambulisho limekwisha kuandikwa.